Kipindueni Kwanza

Asanteni. Nitazungumzia fedha, na namaanisha madini, zile za mfukoni zimeshaishia huku huku.

Kidau hiki cha wino kikikufikia, kipindue. Macho yatakimbilia nakshi, lakini sisi wakusanyaji huanza na kitako. Pana alama nne. Simba anayetembea ni uthibitisho wa Waingereza kwamba katika kila sehemu elfu, 925 ni fedha halisi. Nanga ni Birmingham. Herufi moja peke yake ni mwaka wa kupimwa, na zile mbili ni za jina la sonara. Watu wa pwani mtacheka, Birmingham haina bahari! Husimuliwa kwamba Birmingham na Sheffield zilipodai ofisi zao za kupimia fedha, zilizopatikana 1773, wajumbe walikutana London kwenye baa iliyoitwa Crown and Anchor, yaani Taji na Nanga. Sheffield ikachukua taji. Sikuapii, ila nanga hiyo hapo.

Ukiona EPNS, tulia. Hiyo ni shaba, nikeli na zinki, juu imepakwa fedha kwa umeme. Akina Elkington, watengenezaji wa Birmingham, walipata hataza ya kazi hiyo 1840. Mezani inapendeza, ila usiilipie bei ya fedha. Vinara navyo usivinunue kwa mizani, vingi vimejazwa lami ndani.

Sasa kikopo hiki chenye matundu. Aliyeniuzia alisema ni cha pilipili, nami nikakiweka jikoni miezi kadhaa. Kumbe ni cha unga wa kukaushia wino, wa enzi za kabla karatasi ya kunyonya wino haijaenea. Kidau, kikopo na kishikio cha kalamu za manyoya vilikaa sinia moja. Seti mashuhuri ni ya Philip Syng, sonara wa Philadelphia, aliyoifua 1752: ndiyo iliyotumika kutia saini Tamko la Uhuru la Marekani, na baadaye Katiba, 1787. Ukikuta kikopo kipweke sokoni, kilikuwa na wenzake.

Mtaona simba wangu amefifia. Nimemfuta mwenyewe. Weusi unaoota juu ya chombo ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani. Ukiusugua, fedha nayo inaondoka kidogo. Mimi nilisugua kila Jumamosi, najiona hodari. Siku hizi natumia kitambaa laini, tena mara chache, na sifungi kitu kwa rababendi, maana nayo ina salfa na huacha mstari mweusi.

Haya, kipitisheni. Mikono miwili, tafadhali, bawaba ya mfuniko imelegea.