Fremu kwanza, urembo baadaye: jinsi ya kurekodi spidirani zako

Karibuni jamani, mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele bado vipo. Naanza na video kabla sijasema lolote.

Angalieni skrini. Hizi ni rekodi mbili za sehemu ileile, gemu ya zamani ya 2D, mchezaji kagongwa na adui na mhusika wake anapepesa, si mnajua vile akigongwa anakuwa anaonekana haonekani kwa sekunde mbili hivi? Ya kushoto anapepesa vizuri. Ya kulia hayupo. Maadui wanazunguka, mandhari inasogea, lakini yeye kapotea kabisa. Gemu haina tatizo lolote hapo. Gemu inachora fremu, yaani picha moja moja, 60 kwa sekunde, mhusika anachorwa fremu moja anaachwa inayofuata, na huyu aliyerekodi kaweka 30, kwa hiyo kaokota zile tupu peke yake, moja baada ya nyingine, mpaka kupepesa kulipoisha. Angeokota zile nyingine ungeona mhusika yuko imara kabisa kama vile hakugongwa.

Ndio maana nasema video ya spidirani, yaani kumaliza gemu kwa muda mfupi iwezekanavyo, na kila jaribio tunaliita rani, ni ushahidi kabla haijawa burudani. Ukipiga rani kali halafu video yako mtu asiyekujua hawezi kuihesabu fremu kwa fremu, kwenye ubao wa rekodi ni kama hukucheza. Kwa hiyo nikisema ubora unaokubalika simaanishi video inayong'aa, namaanisha kila fremu iliyochorwa na gemu imo, iko kwenye nafasi yake, na inasomeka. Kung'aa kunakuja baadaye na wala si kugumu.

Chukueni Super Mario Bros. ya NES, ile konsoli ya zamani ya Nintendo. Mwaka 2021 ndio mara ya kwanza mtu kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55, muda wake ulikuwa 4:54.948. Toeni wenyewe, ni milisekunde 52. Fremu moja ya NES ni kama milisekunde 16.6, maana yake kapita kwa fremu 3 tu. Hii ni gemu ambayo kwenye levo nyingi inaangalia kila baada ya fremu 21 kama umemaliza, ukichelewa fremu moja unasubiri zamu nzima, halafu levo ya mwisho, 8-4, haina kusubiri zamu, pale kila fremu inahesabika mpaka unapogusa shoka, ambalo ndilo mwisho wa gemu. Sasa mtu amehangaika miaka na hiyo kitu uje urekodi kwa 30? Kila picha yako inafunika milisekunde 33, mwanzo hujulikani umeanza ipi, mwisho hujulikani umegusa shoka kwenye ipi, na zile fremu 3 zinayeyuka mbele ya macho ya msimamizi wa ubao, yule anayehakiki video. Na msimamizi hana uchawi wowote, anafungua video YouTube, anaisimamisha, anabonyeza kitufe cha nukta kusogea fremu moja mbele na cha mkato kurudi moja nyuma, anahesabu. Akikuta ukungu ataona ukungu.

Kwa hiyo setingi ya kwanza kugusa, kabla ya bitireti, yaani biti ngapi video inatumia kwa sekunde, na kabla ya kodeki, yaani mfumo wa kubana video, ni idadi ya fremu. Gemu ya 60 rekodi 60. Gemu yenyewe ikienda 30 bado rekodi 60, haikugharimu sana kwa sababu fremu inayojirudia enkoda, ile inayobana video, inaibana karibu na bure. Konsoli ya PAL, ule mfumo wa TV wa Ulaya na kwingineko, inaenda 50, rekodi 50, ukilazimisha 60 kila baada ya fremu 5 moja inarudiwa na mwendo unakuwa wa kukwamakwama. Na kuna hii 59.94 ambayo wengi wanaiona kwenye OBS, ile programu ya kurekodi na kustriimu, wanadhani ni sawa tu na 60. Si sawa. Kama kadi yako ya kunasa video inatoa 59.94 na wewe umeweka 60, takriban kila sekunde 17 fremu moja itarudiwa. Kwa mtazamaji si kitu, kwa anayehesabu ni fremu ya uongo katikati ya ushahidi wako. Weka namba ambayo kadi inatoa, basi.

Hapa kwenye konsoli za zamani nitakaa kidogo maana ndipo watu wanaharibikiwa bila kujua. NES, SNES, N64 kwenye gemu zake nyingi, hizi zinatoa picha ya 240p, yaani mistari kama 240, picha nzima, mara 60 kwa sekunde. Kadi nyingi za bei rahisi hazijui 240p ni nini. Zinadhani ni 480i, ule mfumo wa TV ambapo picha inakuja nusunusu, mistari ya witiri kwanza halafu ya shufwa, kwa hiyo kadi inachukua fremu mbili tofauti kabisa za gemu inazisuka pamoja kwenye picha moja. Mario akikimbia unaona ukingo wake una meno kama kitana. Halafu programu inaona meno inajaribu kukusaidia, inachanganya zile nusu mbili kama rangi za maji, sasa meno hakuna lakini una kivuli cha Mario wa jana na Mario wa leo kwa pamoja, na fremu zako 60 zimegeuka 30. Hapo ushahidi umekwisha na hakuna kodeki duniani itakayokurudishia.

Dawa ni mbili. Bora kabisa ni kadi inayosoma 240p kama 240p. Kama huna, kwenye OBS bonyeza kulia kwenye chanzo chako, nenda kwenye Deinterlacing, chagua Yadif 2x. Ile 2x ndiyo yenye maana, kila nusu picha inageuzwa kuwa fremu yake, kwa hiyo 60 zako zinabaki. Blend usiiguse. Na kebo, ndugu zangu, ile ya njano moja inabeba rangi na mwangaza kwenye waya mmoja ndio maana ukingo wa rangi unachuruzika, kama konsoli yako inatoa S-Video au RGB tumia hiyo. Halafu usicheze ukiangalia dirisha la OBS, lina ucheleweshaji, gawanya mawimbi, moja liende TV yako moja liende kwenye kadi.

Haya, bitireti. Video ya 1080p kwa fremu 60 ikiwa haijabanwa kabisa, kwa rangi za kawaida za video, ni kama megabiti 1,490 kwa sekunde, saa moja inakula zaidi ya gigabaiti 670. Striimu yako ya Twitch, yaani matangazo ya moja kwa moja, watu wengi wanatuma megabiti 6. Maana yake enkoda inabana karibu mara 250, na inabana hapohapo gemu ikiendelea, haina muda wa kufikiri. Ikiwa gemu yako ni ya kasi, kamera inazungukazunguka, majani, mvua, cheche, lazima picha itoke mikate mikate, yaani vipande vya mraba, haina jinsi. Ndio maana mimi kwa gemu za namna hiyo nastriimu 720p, kwa bitireti ileile kila pikseli inapata biti zaidi ya mara mbili, na macho yanaona tofauti.

Lakini striimu isiwe ndio rekodi yako. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao. Rekodi kwenye hadi diski yako, faili tofauti, setingi tofauti. Striimu inabanwa na laini yako ya intaneti, diski haibanwi na laini. Laini ikiyumba sekunde 4 striimu inapoteza fremu za sekunde 4, na mkosi wa dunia hii ni kwamba itayumba kwenye triki ngumu kuliko zote.

Kwenye rekodi ya diski achana na bitireti ya kudumu. Kama unatumia x264, enkoda inayotumia prosesa ya kompyuta, tumia CRF. Hii ni namba kutoka 0 mpaka 51, ndogo ndio nzuri, ukiiacha yenyewe inakuwa 23. Unachoiambia enkoda ni kwamba nataka ubora huu, biti tumia unazohitaji, kwa hiyo kwenye menyu iliyotulia inatumia kidogo na kwenye mlipuko inamwaga. Weka 16 mpaka 18. Kama kompyuta inahema tumia enkoda ya kwenye kadi ya picha, NVENC au ya aina nyingine uliyonayo, kwa mtindo wa CQP, namba hizohizo. Faili litakuwa kubwa zaidi kwa ubora uleule, ni sawa, diski inafutika, rani haijirudii. Kwa kukadiria tu, ikitoka wastani wa megabiti 40 saa moja ni gigabaiti 18.

Ukirekodi fungua dirisha la takwimu la OBS, Stats. Kuna namba tatu pale na watu wanazichanganya. Moja ni fremu zilizokosekana kwa sababu kadi ya picha imeelemewa, hapo gemu inakula kadi yote, ifungie gemu kwenye 60 isikimbie ovyo. Ya pili ni zilizorukwa kwa sababu enkoda imeelemewa, hapo badilisha priseti, yaani kiwango cha kazi ya enkoda, iwe nyepesi zaidi. Ya tatu ni zilizodondoka njiani kwenda kwenye seva, hiyo ni intaneti na rekodi yako ya diski haihusiki nayo. Mbili za kwanza nazitaka ziwe sifuri. Sio kidogo, sifuri.

Sasa MP4. Mimi nilipoteza rani ya saa 2 na nusu, rani bora ya maisha yangu kwenye ile gemu, kompyuta ilizima dakika chache baada ya kumaliza, kabla sijabonyeza kusimamisha rekodi. Faili lipo, lina gigabaiti kibao, halifunguki. MP4 ya kawaida inaandika faharasa yake mwishoni, ile orodha inayosema kila fremu iko wapi, sasa kama mwisho haujafika faharasa hakuna, na programu haina pa kuanzia. Nilikaa na lile faili wiki nzima, roho inauma mpaka leo nikisimulia. Rekodi MKV. Umeme ukikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Ukitaka MP4 baadaye OBS yenyewe ina kazi ya kuhamisha, Remux Recordings, inatoa vitu kwenye boksi moja inaweka kwenye jingine bila kuenkodi upya, ni suala la sekunde.

Kupandisha YouTube nako kuna jambo. YouTube inaenkodi upya kila kitu, na fremu 60 inazitoa kuanzia 720p kwenda juu tu. Kwa hiyo mtu anapandisha NES yake kwa saizi yake halisi, 256 kwa 240, anasema mimi nimepandisha safi kabisa pikseli kwa pikseli, na mtazamaji anapata 30. Rudi kwenye ile video ya kulia. Kwa hiyo tunaikuza, na hapa kuna hesabu tamu, 240 mara 3 ni 720, mara 6 ni 1440, mara 9 ni 2160, lakini 1080 inatoka mara 4 na nusu, mistari mingine itakuwa minene mingine myembamba. Mimi natumia 1440, na YouTube yenyewe video ya 1440p inaipa biti nyingi kuliko 1080p. Amri ni hii hapa, ya ffmpeg, programu ya kugeuza video:

ffmpeg -i rani.mkv -vf scale=1920:1440:flags=neighbor -c:v libx264 -crf 16 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a copy rani_yt.mp4

Neno la kutazama ni neighbor, yaani kila pikseli inanakiliwa kama ilivyo, hailainishwi. 1920 kwa 1440 ni umbo la 4 kwa 3 kama TV za wakati ule. Ukitumia emuleta, yaani programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta, fanya kukuza huku ndani ya OBS kabla ya kurekodi, weka Scale Filtering iwe Point, kwa sababu video ya kawaida inaweka rangi moja kwa kila pikseli 4, picha ikiwa ndogo bado maandishi mekundu yanakuwa tope, ikishakuzwa zile pikseli 4 ni pikseli moja ya gemu au kipande chake na rangi inabaki mahali pake.

Sauti nitaipitia haraka. Gemu treki ya 1, maiki treki ya 2, msichanganye. Wasimamizi wanasikiliza, na rani iliyounganishwa kutoka vipande viwili mara nyingi inajisaliti kwenye sauti, muziki unaruka, au ukiichora kama picha ya masafa unaona mkato umesimama wima. Sauti safi ya gemu peke yake ndiyo inayomtetea asiye na hatia. AAC kilobiti 160 au 192 inatosha.

Mwisho, msiitegemee Twitch kama ghala. Striimu zilizopita zinafutwa, akaunti ya afilieti, ile ngazi ya kwanza ya kulipwa na Twitch, inakaa nazo siku 14 tu, na mwaka 2025 wameweka kikomo cha saa 100 kwa hailaiti, yaani vipande ulivyochagua kuhifadhi, na video za kupandishwa, kuna historia za watu za miaka kumi zimeondoka hapo. Faili lile la kwanza, lile la MKV kutoka kwenye diski, lihifadhiwe sehemu mbili kabla hujalala. La YouTube ni nakala ya nakala, kesho wakitaka kuhesabu upya utawapa lile la kwanza.

Naona mikono miwili pale nyuma, dada mwenye kofia anza wewe, halafu kaka wa pembeni. Kama swali ni la PlayStation na zile gemu zinazohama 240p kwenda 480i katikati ya menyu, nimebeba sampo, tutaifungua hapahapa.