Ganzi, Umri wa Meno na Mitego ya Mtihani wa Uzamili

Madaktari wenzangu, karibuni. Mliotoka zamu hospitali ya Bombo na mliosafiri kutoka Korogwe na Pangani, poleni na uchovu. Leo ni namba chache tu za mtihani wa uzamili wa meno. Anayekariri namba moja moja huzichanganya mbele ya karatasi. Anayejua namba ipi inazaa ipi hukokotoa.

Tuanze na ganzi, maana huko ndiko alama zinakovuja. Lidokeini, dawa yetu ya ganzi, ya asilimia 2 ni gramu 2 katika mililita 100, yaani miligramu 20 kwa mililita. Katriji, yaani kichupa cha dawa kinachoingia kwenye sindano, ya mililita 1.8 ina miligramu 36, ya 2.2 ina 44. Someni swali limetaja ipi. Mtoto wa kilo 20, kwa kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, anapata 88. Gawanya kwa 36: ni 2.4. Ukiulizwa katriji nzima, jibu ni 2. Usipandishe, kikomo cha dawa hakivukwi ili hesabu ipendeze.

Mtego wenyewe ni mtu mzima wa kilo 70. Lidokeini yenye adrenalini (dawa ya kubana mishipa ya damu), miligramu 7 kwa kilo, inatoa 490, chini kidogo ya kikomo cha 500. Katriji 13, mtahiniwa anatia alama, anakosa. Kwa nini? Adrenalini ya 1:100,000 ni maikrogramu 10 kwa mililita, hivyo katriji ya 1.8 ina 18. Kikomo cha adrenalini kwa mtu mwenye afya ni maikrogramu 200, kwa hiyo ataishia katriji 11. Adrenalini imegota kabla ya lidokeini. Mgonjwa wa moyo kikomo chake ni 40: katriji 2. Swali likigeuka kuwa 1:80,000 na katriji ya 2.2, kila moja ina 27.5, basi anabaki na 1.

Umri wa meno nao si wa kukariri kama shairi. Gego la kwanza la kudumu huanza kupata madini karibu na kuzaliwa, hutoka kwenye miaka 6, mizizi hufunga kati ya 9 na 10. Takriban miaka 3 baada ya kutoka. Ndiyo maana mtoto wa miaka 7 aliyeoza gego hilo, kiini, yaani nyama ya ndani ya jino, kikiwa bado hai, tunakilinda ili mzizi umalize kukua.

Watahini wapenda picha watawaletea hii: meno ya mbele ya kudumu yana michirizi ya enameli (tabaka gumu la nje) pungufu, magego ya kwanza pia, lakini meno ya mbele ya juu, yale ya pili kutoka katikati, ni safi. Hayo huanza kupata madini miezi 10 hadi 12, wenzake miezi 3 hadi 4. Basi mtoto aliugua katika miezi ya mwanzo, kabla ya 10. Jino safi ndilo limetoa jibu.

Floraidi kwa haraka: mtu aliyekulia Arumeru, kwenye maji yenye floraidi nyingi, akahamia Tanga ukubwani habadiliki madoa ya meno kwa maji ya hapa, maana taji, sehemu ya jino inayoonekana, zilishajengwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri floraidi ya maji isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Enameli huanza kuyeyuka pH, kipimo cha uchachu, ikishuka kwenye 5.5, yenye floraidi huvumilia hadi karibu 4.5.

Haya, kalamu mkononi: kilo 15, asilimia 2, kikomo 4.4, katriji za 2.2. Nzima ngapi?