Ekstensheni Ifuate Kazi, Isifuate Kiti

Habari za asubuhi, ndugu zangu mafundi wa simu, wahudumu wa mapokezi na maafisa utumishi. Leo tuzungumze jambo linalofanywa haraka haraka katika ofisi zetu hapa Dar es Salaam, kisha likaacha usumbufu wa miezi: kumpa mtu ekstensheni, yaani namba fupi ya simu ya ndani ya ofisi, iliyokuwa ya mwenzake.

Kwenye kibandiko cha simu mnaona 214 tu, tarakimu tatu. Ndani ya mtambo unaounganisha simu za ofisi, 214 ina kisanduku cha ujumbe wa sauti na neno lake la siri. Ina amri ya kupeleka simu kwenye namba ya mkononi isipopokelewa. Ina ruhusa ya kupiga nje ya nchi, au imefungiwa. Pengine imo kwenye kundi la simu za uhasibu zinazoita kwa pamoja. Fundi akibadilisha jina pekee, hayo mengine yote yanabaki kama alivyoyaacha mwenye namba wa kwanza.

Chukueni mfano wa afisa utumishi aliyehamishiwa Dodoma. Meza yake ya Posta anapewa kijana wa masijala, na simu iko palepale. Mtumishi anapiga kuulizia makato ya mshahara wake, haipokelewi, anaacha ujumbe akitaja mkopo na ugonjwa wa mkewe. Anayeusikiliza ni kijana wa masijala. Kijana hana kosa, wala aliyepiga hana. Siri ya mtu imetoka kwa sababu hakuna aliyefuta kisanduku. Hili linaniuma kuliko hitilafu yoyote ya waya.

Ndiyo maana nasema namba ifuate kazi. Kama 214 ni ya utumishi, ibaki utumishi hata watu wabadilike, na masijala wapewe yao. Namba iliyokwisha kusambaa kwa wateja na sasa haina kazi, iacheni ipumzike kwanza. Mimi ningeipumzisha miezi mitatu, ikiwa na sauti iliyorekodiwa inayomwelekeza mpigaji pa kwenda. Ofisi zenye namba za mezani za 022 za Dar es Salaam zinazoingia moja kwa moja mezani zikague na huko pia, maana njia ya simu zinazoingia kutoka nje hupangwa mahali pake, haihami yenyewe.

Andikeni tarehe na saa ya makabidhiano. Kumbukumbu za mtambo kwa kawaida hushika namba, si mtu aliyeitumia, na bili ikija kubwa, mgeni wa juzi asije akadaiwa simu za mwenzake.

Sasa lile la hatari. Polisi kwetu ni 112, Zimamoto ni 114. Ofisi iliyoanza kugawa namba kutoka 101 itafika tu 112, na moshi ukitanda ghorofani mtu atabonyeza 114 akaitikiwa na stoo. Ofisi nyingine hudai kwanza ubonyeze 9 ndipo upate laini ya nje. Aliyeshikwa na hofu hakumbuki 9. Mtambo upangwe upitishe 112 na 9112, vilevile 114 na 9114, zote zifike kunakotakiwa.

Kwa hiyo mkirudi ofisini mchana huu, kabla ya kugusa namba ya mtu yeyote, tazameni kama kuna meza yenye ekstensheni 112 au 114. Ikiwepo, anzeni kuihamisha hiyo.