Gombo Lililochomwa: Kitabu cha Yeremia Kilivyoandikwa

Ndugu zangu, wachungaji, walimu na wanafunzi wa teolojia, najua wengi mlitarajia nianze na Musa na vile vitabu vitano. Leo tuanzie kwa Yeremia, kwa sababu kitabu chake chenyewe kinasimulia jinsi kilivyoandikwa.

Tuitazame sura ya 36. Ni mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu, yaani 605 KK. Yeremia anamwita Baruku mwana wa Neria. Nabii anasema, mwandishi anaandika. Baadaye gombo linasomwa hekaluni, katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani, kisha linafikishwa kwa mfalme, naye yuko mbele ya makaa kwa kuwa ni majira ya baridi. Kila zikisomwa safu tatu au nne, anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Basi Baruku anaandika gombo la pili, na sura inamalizika kwa kutuambia kwamba maneno mengi ya namna hiyo yaliongezwa humo. Nani aliyaongeza, na lini kazi hiyo ilikoma, hatuambiwi.

Kuhusu huyo Gemaria: mwaka 1982, wachimbaji wakiongozwa na Yigal Shiloh katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, walipata kipande cha udongo kilichopigwa muhuri wenye jina lake na la baba yake. Udongo huo ulihifadhika kwa kuwa uliokwa na moto wa Wababeli walipouteketeza mji. Gemaria na wenzake walikuwa watu wa ofisi, watu wa kalamu na mihuri, na ndio waliolipokea gombo la Baruku.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, ina Yeremia mfupi kuliko wa Kiebrania kwa takribani sehemu moja ya saba. Unabii juu ya mataifa, ambao katika Biblia zetu za Kiswahili uko sura 46 hadi 51, kule umewekwa katikati ya kitabu, ndani ya sura ya 25. Tena sehemu nzima ya 33:14–26, ile ahadi ya Chipukizi la Daudi, haimo kabisa. Kwa muda mrefu lilikuwapo jibu jepesi: mtafsiri alifupisha.

Jibu hilo lilipata pigo Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, kwenye mapango yaliyohifadhi magombo ya kale. Katika pango la nne, lililogunduliwa mwaka 1952, kulikuwa na vipande vya Yeremia kwa Kiebrania vinavyokubaliana na ule mpangilio mfupi. Kimoja kina sehemu ya sura ya 10, na mistari ya 6 hadi 8 pamoja na wa 10, ile inayomsifu Mungu kuwa hana mfano, haikuwa na nafasi humo, sawasawa na Kigiriki. Kwa hiyo mtafsiri alikuwa mwaminifu. Alitafsiri Kiebrania kifupi kilichokuwa mbele yake. Na katika pango hilohilo kulikuwa na nakala nyingine inayofuata mpangilio mrefu. Zote mbili zilihifadhiwa pamoja! Wasomaji wa tenzi za kale za Lamu hawatashangaa, maana nakala za utenzi mmoja huweza kutofautiana kwa idadi ya beti na mpangilio wake.

Si wataalamu wote wa Biblia wanaokubali kwamba ule mfupi ndio wa kwanza. Jack Lundbom, kwa mfano, anaona kwamba mara nyingi jicho la mnakili liliruka mistari. Hoja hiyo ina nguvu katika mstari mmoja mmoja, lakini kwa maoni yangu haitoshi kueleza mpangilio mzima uliohama. Nakubaliana na Emanuel Tov, anayeona hapa matoleo mawili ya kitabu, la pili likiwa limepanuliwa. Bernhard Duhm, mwaka 1901, alikwenda mbali zaidi: alimwachia Yeremia mistari yapata 280 tu, karibu yote mashairi. Hapo sioni kwa nini nabii azuiliwe kusema kwa nathari.

Fungueni sasa 27:16–22. Manabii wanadai kwamba vyombo vya hekalu vitarudi upesi kutoka Babeli. Yeremia anakataa: hata vilivyobaki vitachukuliwa. Kigiriki kinaishia hapo, vyombo vinaingia Babeli. Kiebrania kirefu kinaendelea: vitakaa huko mpaka siku ambayo Bwana atavijilia na kuvirudisha. Kitabu cha Ezra kinasema Koreshi, mfalme wa Uajemi, alivirudisha kweli. Nami naona hapa mkono wa mtu aliyeishi baada ya marejeo hayo, aliyejua kwamba vyombo vimerudi, na hakuweza kunakili tishio lile bila kuandika rehema iliyolifuata.

Mwenye Kiebrania asome mstari wa 22 kwa sauti, kisha mwenye Kigiriki atafute sura ya 34, maana huko namba zimebadilika, nasi tulinganishe.