Hatua ya Tano Ikigoma: Kuanza Kuchangia Programu Huria

NEEMA: Karibuni tena. Kaka Juma, kuna kijana kaniuliza: "Dada, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, miezi minne sasa, nianzie wapi kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha?"

JUMA: Aiwashe kwanza hiyo programu anayotaka kuichangia, kwenye laptopi yake.

NEEMA: Kuiwasha tu?

JUMA: Kuiwasha tu! Mradi wangu wa kwanza nilifuata maelekezo, hatua ya tano ikagoma. Kioo chote maandishi mekundu. Siku mbili nahangaika, bando linakwisha, nadhani tatizo ni mimi. Kumbe maelekezo yameruka kitu: uunde kwanza hifadhidata tupu. Wenyeji wanayo tangu zamani, hawalioni tena hilo shimo.

NEEMA: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

JUMA: Ndiyo hiyo. Nikaongeza mistari miwili kwenye faili la README, lile lenye maelekezo ya mradi.

NEEMA: Inawafikiaje wenyewe?

JUMA: Nakala yao huigusi. Unachukua yako, ndiyo forku, unafungua tawi, yaani mahali pa pembeni pa kufanyia kazi, unarekebisha humo, kisha unapeleka ombi wayaunganishe marekebisho yako na ya kwao. Kinachowezesha hayo ni Git, programu ya kutunza kila badiliko la msimbo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitengeneza mwaka 2005 kwa shida hiyo hiyo, watu wengi waujenge mfumo huo wa kuendesha kompyuta bila kukanyagana. Ila kwenye ombi, eleza sababu. Anayelisoma mara nyingi anajitolea, ametoka kazini kachoka. Ukiandika "nimerekebisha" basi, unamwachia kazi ya kupekua.

NEEMA: Akikataa?

JUMA: Langu lilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza iliniuma. Lakini nikasoma maoni: "Mwenye Windows atafanyaje?" Amri niliyoandika ilikuwa ya Linux peke yake. Alikuwa ananifundisha bure, Neema.

NEEMA: Mimi nilianzia kwenye tafsiri. Kitufe cha kuhifadhi barua kimeandikwa "Okoa". Okoa! Kama barua inazama baharini. Nikaweka "Hifadhi". Neno moja, lakini mama anayejifunza kompyuta sasa anaelewa anabonyeza nini. MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, inatafsiriwa na watu wa kujitolea kwenye translatewiki.net, na Kiswahili kimo.

JUMA: Na ukitaka msimbo karibu na nyumbani, iko OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulianza 2004, na 2006 ukawa unatumika Eldoret, Kenya. Wana kazi walizozitenga kwa wanaoanza. Miradi mingi inaziwekea lebo, tafuta hizo. Na angalia maombi ya mwezi uliopita: yamejibiwa? Kama yamelala tu, nenda kwingine. Usimpeleke mwanafunzi kwenye nyumba isiyo na mtu.

NEEMA: Basi kijana nimwambie nini?

JUMA: Leo usiku aiwashe. Ikigoma asifunge laptopi, aandike imegomea wapi, na maandishi mekundu ayanakili yote, neno kwa neno. Kesho tuanzie hapo.