Usisubiri jina la tatizo, mfuate mwalimu wa mtoto

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu habari za huko. Ni dada yenu wa Chikongola, Mtwara, naongea nanyi kutoka Leicester, hapa Uingereza. Msinione na koti ndani ya nyumba mkadhani naumwa, nabana matumizi tu. Bili ya gesi huku haina huruma, na wala si gesi ya Mnazi Bay.

Leo tuongee habari ya watoto. Tangu niliposema kwamba kitinda mimba wangu anafuatiliwa shuleni, kina mama wa Mtwara mjini, Newala, Masasi, mpaka Ruangwa na Kilwa wameniandikia, na karibu wote wanauliza kitu kimoja. Mtoto yuko awali au darasa la kwanza. Mwalimu analalamika: hatulii, haandiki, akiitwa haitiki, anasukuma wenzake, au wakati wa mapumziko anakaa peke yake chini ya mkorosho akizungusha kifuniko cha chupa. Je, huu ni usonji, ile hali ya mtoto kupata shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake? Ni hiyo wanayoiita ADHD, ya mtoto kushindwa kutulia na kushika jambo moja? Akapimwe wapi? Halafu wanamalizia: "Nyie wa huko mna bahati, mtoto anapimwa papo hapo."

Papo hapo! Jamani. Mwanangu yuko kwenye foleni mpaka leo. Sehemu nyingi za huku, kusubiri mtaalamu wa usonji au ADHD kunapita mwaka. Na shule haina mamlaka ya kumpa mtoto jina hilo. Mwalimu atasema nimeona hiki na hiki, basi. Kutamka ni kazi ya wataalamu wa afya, na wao hawana kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotoa jibu. Wanamtazama mtoto, wanawahoji wazazi, wanaiuliza shule, wanaunganisha.

Sasa sikilizeni vizuri. Foleni haikuizuia shule kuanza kazi. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2015 kwa shule za England unazitaka zimsaidie mtoto kwa kile kinachoonekana kumshinda, bila kungoja karatasi ya daktari. Shule huwa na mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu, wanamwita SENCO. Tulikaa naye pamoja na mwalimu wa darasa, kwenye vile viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Wakaandika ukurasa mmoja: nini kinamshinda, tutajaribu nini, nani atafanya, tutakutana lini kuangalia kama kimefaa. Muhula ukielekea kuisha tunakaa tena.

Na walichojaribu wala si maajabu. Picha ndogo ukutani zinazomwonyesha kwamba sasa ni hesabu, kisha chakula, kisha kucheza. Agizo moja kwa wakati badala ya matatu kwa pumzi moja. Kifaa cha kuziba masikio wakati wa chakula, maana kelele za sahani ukumbini zilikuwa zinamliza. Na kila asubuhi anatumwa yeye kupeleka daftari la mahudhurio ofisini, ili awe na sababu halali ya kuinuka kwenye kiti. Hilo la mwisho nililipenda mno. Halina gharama hata ya shilingi.

Kulikuwa na mvutano kidogo, nao niueleze kwa sababu unawahusu. Mwalimu alikuwa anaamini mtoto anachelewa kuongea kwa sababu nyumbani tunaongea Kiswahili, akashauri tuongee Kiingereza tu. Nikakataa kwa adabu. Lugha mbili hazisababishi usonji wala ADHD. Mtoto anayechelewa kwa sababu lugha ya shule ni ngeni, nyumbani kwa lugha yake anapiga soga, anadanganya, anaomba hadithi, anakuonyesha ndege angani ili mtazame wote. Wangu alikuwa hafanyi hayo hata kwa Kiswahili. Nikamrekodi kwa simu akicheza na dada yake, nikawapelekea, nikawatafsiria kinachosemwa. Toka siku hiyo hoja ya lugha ikafungwa. Nyie ambao nyumbani ni Kimakonde, Kiyao au Kimwera na shuleni Kiswahili, mtaambiwa hilohilo. Mtazameni mtoto kwa lugha ya nyumbani kwanza ndipo mjibu.

Haya, twendeni huko kwetu. Mdogo wangu wa kike yuko Newala, ana mtoto wa darasa la kwanza ambaye mwalimu alikuwa amemchoka. Na mwalimu simlaumu: darasa limefurika, yuko peke yake, watoto wote anatakiwa awavushe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ukienda kumwambia habari za SENCO atakucheka.

Mdogo wangu alinunua daftari la kawaida. Nikamwambia usiandike humo "mtukutu", usiandike "msumbufu". Andika kilichotokea kabla, alichofanya, na kilichofuata. Basi. Na mwalimu akasaidia, mstari mmoja mmoja, siku anazopata nafasi. Daftari likaanza kuongea. Mtoto alikuwa anakimbia nje hasa mvua inaponyesha juu ya bati, na darasa zima linapoimba kwa kupiga makofi. Akikaa nyuma haandiki kabisa. Akikaa benchi la mbele, mwalimu akimgusa bega kabla ya kutoa agizo, anaandika mistari kadhaa. Na mchana, jua likishakaa juu ya paa, hakuna kinachoingia, kwa hiyo kusoma kwake kukahamishiwa asubuhi.

Hivyo tu. Alihamishwa benchi, mbali na mlango. Wakati wa nyimbo anapewa kazi ya kufuta ubao au kukusanya madaftari. Mvua ikianza anaruhusiwa kuziba masikio bila kuchekwa. Hajawa mtoto mwingine, bado anachosha, lakini anakaa darasani.

Namna ya kumfuata mwalimu nayo ina adabu yake. Usiende asubuhi kengele inalia, na usiende umevimba kwa sababu jirani kakwambia mwanao kapigwa. Omba nafasi baada ya vipindi. Msalimie, mpe pole ya kazi, na ni pole ya kweli. Halafu badala ya kuuliza "kwa nini mwanangu anashindwa", uliza: "Mwalimu, siku anapotulia, huwa mnafanya nini?" Swali hili lina nguvu sana. Mwalimu anaacha kujitetea, anaanza kukumbuka. Na madrasa usiisahau. Ustadhi anamwona mtoto wako sehemu nyingine kabisa, naye ana habari.

Nasema hivyo kwa sababu, kwa ADHD, wataalamu wanataka dalili zionekane sehemu zaidi ya moja, zidumu angalau miezi 6, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Mtoto anayevuruga darasani tu, nyumbani na madrasa katulia, liulize darasa kwanza. Labda anaonewa, labda haoni ubao. Kwa upande mwingine, msikubali ile kauli ya "mbona akitaka anatulia". Mpwa wangu huyu ukimweka msimu wa korosho kwenye lundo la mabibo, atanyonyoa korosho mpaka giza liingie. Watoto wenye ADHD wengi wako hivyo: kinachomvuta anazama ndani yake, kisichomvuta hawezi kukishika hata umfokee. Na mtoto anaweza kuwa na usonji na ADHD kwa pamoja. Zamani mwongozo mkubwa wa Marekani wa magonjwa ya akili ulikataza kuviandika vyote viwili kwa mtu mmoja, toka 2013 unaruhusu.

Kabla ya yote hayo, masikio. Naomba mnielewe hapa. Mtoto asiyeitika jina lake, jambo la kwanza ni kusikia. Watoto wetu wangapi masikio yanatoa usaha, tunatia mafuta ya nazi tunasema yatakauka? Mpelekeni hospitali, iwe Ligula, au Sokoine kwa watu wa Lindi, au Ndanda, au Nyangao, popote palipo karibu, mwombe aangaliwe masikio na macho. Mweleze daktari pia kama kuna nyakati anazubaa ghafla, macho yameganda, sekunde chache, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Kipo kifafa cha namna hiyo, hakiangushi mtu chini, na mwalimu anaona uvivu. Muulizeni pia habari ya upungufu wa damu na minyoo. Na mtoto anayelala usiku wa manane kwa sababu jirani ana spika, au anayeingia darasani bila hata kikombe cha uji, naye hatulii.

Wapo waliouliza kuhusu mganga. Mimi ni mtoto wa Kusini, nimekunywa kombe utotoni, siwezi kukaa huku Leicester niwacheke. Dua ombeni. Ila chale, moshi, na kumfungia mtoto ndani eti jini litoke, hapana. Na yeyote anayewauzia dawa ya "kuponya usonji", awe na kibuyu au awe na chupa nzuri yenye maandishi ya kizungu, anawaibia. Dawa hiyo haipo. ADHD ina dawa zinazosaidia baadhi ya watoto, anaziandika mtaalamu, na kwa walio chini ya miaka 5 hata huku wanaanza kwa kuwafundisha wazazi namna ya kuishi na mtoto. Na chanjo ya surua msiisingizie kwamba inaleta usonji, haihusiki. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha maneno yale ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na mwaka huohuo aliyeongoza kuiandika akafutiwa usajili wa udaktari hukuhuku Uingereza.

Viboko. Najua mnasubiri nifike hapo. Kanuni zetu Tanzania zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mtoto wa darasa la kwanza kuchapwa kwa sababu ameinuka kitini haimo humo. Mimi hata hivyo vinne sivitaki, na fimbo haijawahi kumfundisha mtoto wa namna hii kukaa, inamfundisha kuogopa daftari. Lakini usiende kupiga kelele uwanjani mbele ya wanafunzi, utamwachia mwanao vita asivyoviweza. Nenda na daftari lako kwa mwalimu mkuu, useme: "Siku hii alichapwa, kesho yake hakutaka kuja shule. Siku hii alipewa kazi ya kufuta ubao, aliandika. Naomba tuendelee na hii ya pili."

Wakikwambia mtoto wa hivi hapokelewi, hapo kaza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida, na ada ya shule ya msingi ya serikali ilishaondolewa. Ukikwama kwa mwalimu mkuu, nenda kwa afisa elimu kata, kisha halmashauri umuulizie anayesimamia elimu maalumu. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo ni mlango. Zipo shule zenye kitengo cha elimu maalumu, na kwa mtoto anayekihitaji kitengo ni kizuri, lakini asipelekwe huko kwa kuwa tu anapiga kelele. Kila unakopita acha barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Huku wazazi wanafanya vilevile: mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri imtathmini mtoto, na halmashauri ina wiki 6 za kumjibu kama itamtathmini au la. Hawaharakishi bila barua, hata wazungu.

Suala la jando limeulizwa na baba mmoja, nimefurahi maana baba mnaandika wachache. Mtoto anayeumizwa na kelele, asiyependa kuguswa na mtu asiyemjua, halafu ngoma, usiku, watu wageni, na nyumbani haruhusiwi kurudi. Kaa na mjomba mapema, kwetu mjomba ana neno. Tohara ya hospitali ipo. Kama familia inataka jando, basi apate mlezi anayemjua, na anayeongoza aambiwe kila kitu kabla. Na shule ikifunguliwa mwalimu aarifiwe ametoka wapi, kwa sababu baada ya likizo ya namna ile mazoea yote yanakuwa yamevurugika na mtoto ataonekana kama ameanza upya.

Kingine ni mwisho wa mwaka. Januari anapanda darasa la pili, mwalimu mpya, chumba kipya, na yale yote mliyoyajenga hayamo kwenye ripoti. Mdogo wangu amemwomba mwalimu wa la kwanza aandike nusu ukurasa kwa mwenzake: akae wapi, agizo litolewe vipi, nini kinamkimbiza. Kabla shule hazijafungwa atampeleka mtoto akalione darasa jipya likiwa tupu, akalie benchi, ajue mlango uko wapi. Nakala ya ile karatasi inabaki kwa mama, maana mwalimu anaweza kuhamishwa Liwale kesho.

Haya, nakimbia, wa kwangu anatoka saa tisa na robo. Wiki ijayo nitasoma maswali ya walimu, yapo matatu mazuri sana kutoka Nachingwea.