Bolti Sita: Mhadhara wa Land Rover kwa Madereva na Mafundi wa Dodoma

Mbukwenyi! Ahsanteni. Mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele viko wazi. Sijui kwa nini kila nikija kuzungumza watu wanavikimbia kana kwamba nitawatoza kodi.

Kwenye bango pale mlangoni nimeona mmeandika "Mfalme wa Barabara Mbaya". Sikuandika mimi. Land Rover haikuzaliwa kuwa mfalme wa chochote. Lilikuwa gari la kuvukia njaa. Kiwanda cha Rover, Uingereza, kilitaka kuuza magari ya kifahari, lakini baada ya vita chuma kilikuwa kwa mgao, na aliyepata mgao ni yule aliyeweza kuuza nje ya nchi. Wakasema tutengeneze kigari cha shamba kwa miaka miwili mitatu, mambo yakitulia tuachane nacho. Kikatengenezwa kuanzia 1948 hadi Januari 2016. Mimi huwa nauliza swali moja tu: kilidumu kwa nini? Walionisikia mahali pengine jibu langu wanalo tayari, wavumilie.

Kabla ya jibu, nataka tuzungumzie Kongwa. Ndiyo, Kongwa yetu hii, nyie mnaotoka huko msinikunjie uso. Mwaka 1947 Waingereza walikuwa wanaanza mradi wa karanga pale. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Mashine wakazipata wapi? Kwenye mabaki ya vita. Walinunua matrekta mitumba yaliyoachwa na jeshi la Marekani kule Ufilipino. Baadaye wakaletewa yale yaliyoitwa Shervick, trekta lililoundwa na kampuni ya Vickers kutokana na kifaru cha Sherman. Kifaru, jamani, kije kulima karanga kwenye udongo wa Ugogo! Mvua ikikata, ule udongo unakuwa saruji. Visu vya plau viliisha, matrekta yakakatika hili na lile, spea ziko ng'ambo, mafundi wa kutosha hawapo. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na mamilioni ya pauni yamekwenda.

Mwaka huohuo wa 1947, kwenye kisiwa cha Anglesey kule Wales, mkuu wa wabunifu wa Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba na Jeep ya Willys, nayo mabaki ya vita. Jeep imechoka, spea zake shida. Akajiuliza, hii ikifa kabisa nitanunua nini? Akamshirikisha kaka yake Spencer, aliyekuwa bosi wa kiwanda. Aprili 1948 gari likaoneshwa Amsterdam.

Linganisheni hapo. Wote wameshika chuma cha jeshi. Mmoja anakilazimisha kulima kama kilivyo. Mwingine anakaa chini na kuuliza: mkulima atakitengeneza vipi kikiharibika? Bodi ya Land Rover ni aluminiamu kwa sababu chuma hakikuwepo. Mabati yake yamenyooka kwa sababu hawakuwa na fedha za mitambo ya kukandamiza mabati ya mviringo. Watu leo wanasema "ona muundo ule, wa kiume". Muundo gani? Ufukara! Lakini ufukara ule umeleta gari ambalo bawa lake unalifungua kwa spana, unalinyoosha kwa nyundo chini ya mkwaju, unalirudisha. Lina hendeli ya kuwashia betri ikifa. Lina mahali pa kuunga shafti ya kuzungushia pampu au mashine ya kupura nafaka.

Sasa nije kwenye bolti sita. Najua, najua. Mwenyekiti anacheka kwa sababu hadithi hii ameshaisikia.

Nilikuwa utingo kwenye Land Rover ndefu, 109, toleo la Series IIA, tumebeba chanjo kutoka Kondoa kwenda upande wa Kwamtoro. Masanduku yana barafu, na barafu haisubiri mtu. Tukashuka kwenye korongo la mchanga, dereva akaongeza moto kupanda ukingo wa pili, tukasikia "taa!" Injini inanguruma, gia imeingia, propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, inazunguka, gari limesimama. Mimi nikaanza kutafuta kivuli, nikijua tunalala pale.

Mzee yule hakusema kitu. Akachukua spana, akaenda kwenye gurudumu la nyuma. Hakupiga jeki. Hakufungua tairi. Katikati ya habu, kile kitovu cha gurudumu, pana bolti sita. Akazifungua, akavuta, hafu shafti, kile chuma kinachozungusha gurudumu, ikatoka mkononi mwake kama mnavyochomoa upanga kwenye ala, imekatika. Kipande kilichobaki ndani ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, akakivua kwa kitanzi cha waya. Tundu akaliziba kwa gunia mchanga usiingie. Akarudi kwenye usukani, akabonyeza kile kifundo cha njano chini, fowili ikaingia, yaani magurudumu ya mbele nayo yakapewa nguvu, na gari likatoka korongoni likivutwa na magurudumu ya mbele. Chanjo zilifika. Tulirudi hadi Kondoa hivyohivyo, mbele tu.

Vijana, mlichosikia ni uchawi au ni ufundi? Nieleze. Ekseli ile uzito wa gari haubebwi na shafti. Unabebwa na habu yenyewe, juu ya beringi zake. Kazi ya shafti ni kuzungusha, basi. Ndiyo maana unaweza kuichomoa na gurudumu likabaki limesimama imara. Shafti moja ya nyuma ikikatika, difu inapeleka nguvu zote upande uliokatika, ndiyo maana gari haliendi. Ukifunga fowili, propela ya mbele na ya nyuma zinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo mbele inaendelea kuvuta hata kama nyuma inazunguka bure. Mzee yule hakusoma chuo chochote. Ila gari lile lilikuwa limeundwa ili mtu kama yeye alielewe kwa kulitazama.

Kuna mtu hapo anasema moyoni: "Mzee, shafti nzuri isingekatika." Umesema kweli! Nami siwaabudu Waingereza. Zile shafti zilikuwa dhaifu, na kila dereva wa korongo alijua. Walichukua miaka mpaka 109 zikafungwa ekseli nzito ya Salisbury. Injini ya lita 2.25, ambayo kwa petroli ilikuja 1958 na kwa dizeli 1961, waliing'ang'ania mpaka miaka ya themanini. Series III ilipotoka 1971, kilichobadilika sana ni dashibodi, uso na gia boksi. Hapo ndipo tunakutana na Toyota.

Na tumalize ugomvi huu leo, maana kijiweni mnabishana Land Rover na Land Cruiser kama Simba na Yanga. Yote mawili yametokana na Jeep. Toyota walianza 1951, vita vya Korea vimepamba moto, wakatengeneza gari waliloliita Jeep BJ, wakalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Jeep lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo 1954 wakatafuta jingine, na wakataka lisisikike dogo mbele ya Land Rover. Ndipo likapatikana Land Cruiser. Kwa hiyo hata jina limewekwa kwa kumtazama Mwingereza!

Lakini walimshinda wapi? Si kwenye chuma peke yake, ingawa injini zao zilikuwa kubwa na ekseli ngumu. Kwenye spea. Kumbukeni miaka ya sabini. Kampuni iliyomiliki Land Rover, British Leyland, ilikuwa taabani hadi serikali yao ikaichukua 1975. Faida ya Land Rover ilikuwa inakwenda kuokoa magari mengine yasiyouzika. Mwaka 1976 Land Rover ya milioni moja inatoka kiwandani, na kiwanda hakina fedha ya kuiboresha! Huku kwetu, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni hazipo. Wenye umri wangu mnakumbuka, Jumapili mchana kuendesha gari marufuku. Kwenye yadi za halmashauri 109 zilikuwa juu ya mawe, moja inang'olewa ili nyingine itembee. Gari zima linalala kwa kukosa sili ya shilingi chache. Halafu wakaja wafadhili na Land Cruiser zao, kila moja imekuja na spea na fundi aliyefundishwa. Mngefanya nini? Hata mimi ningenunua Land Cruiser.

Nimeanza kuoneshwa saa. Nakimbia. Mwaka 1983 ikaja Land Rover mpya, One Ten, springi za koili zikachukua nafasi ya zile za vyuma bapa, viuno vyetu vikapumzika. Mwaka 1990 ikaitwa Defender. Injini ya 300Tdi ya 1994 ndiyo mnayoiona bado inabeba watu na mizigo kaskazini huko Arusha, pampu yake haina kompyuta. Mwaka 1998 ikaja injini ya Td5, kompyuta ndani, na hapo gereji bubu wakaanza kukuna vichwa. Wamiliki wa Land Rover nao wamebadilishana, BMW, Ford, kisha Tata mwaka 2008. Upande wa pili, Toyota walitoa familia ya 70 mwaka 1984, hii mnayoiita mkonga, na bado wanaiunda. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina haraka. Mashangingi sitayagusa, nikigusa wakubwa watasema nina wivu.

Ile Defender mpya ya 2019 inaundwa Slovakia. Haina chasisi ya kizamani ya kufunguliwa kipandekipande, na hitilafu nyingi unazisoma kwa mashine. Gari zuri sana. Sitaki mnielewe vibaya, sisemi turudi kwenye hendeli.

Ninachosema, na nitakisema mpaka mnichoke, ni hiki. Siku hizi ofisi inanunua gari la fowili la mamilioni, na hakuna mtu mezani anayeuliza: filta zake zinapatikana Dodoma? Nani mjini hapa ana mashine ya kulisoma? Dereva anajua fowili inaingia vipi, au anadhani ile swichi ni ya taa? Nimeingia kwenye yadi moja, sitaitaja, nikakuta gari limeegeshwa tangu masika yaliyopita, na ugonjwa wake ni sensa moja. Moja! Limeota nyasi. Kongwa ilishatuonesha hayo.

Mtaniambia sasa barabara ni lami, Dodoma hadi Kondoa hadi Babati unateleza, korongo la nini? Lami ni ya barabara kuu. Zahanati haziko kwenye barabara kuu. Nendeni Bahi mwezi wa pili, mbuga imelowa, halafu mnipigie simu.

Kuhusu magari ya umeme nilikuwa na karatasi nzima, naiacha. Kuhusu mafuta machafu ya dizeli nayo, siku nyingine.

Kwa hiyo madereva wote mlioko hapa, kabla hamjatoka: nje pale mafundi wamefungua ekseli mbili juu ya meza, moja ya Land Rover na moja ya mkonga. Kila mtu achomoe shafti mwenyewe na airudishe. Wenye mashati meupe pia. Maswali yaanze, na asiulize mtu lipi ni bora.